Saa Janja: Ipi Yafaa, na Yasadikiwa kwa Kiasi Gani?



Baada ya kumhimidi Mola Mtukufu na kumsalia Mtume wake, twaingia katika mada ya juma hili. Wasomaji wetu wametuletea maswali kuhusu saa za mkononi zinazohesabu hatua, zinazopima mapigo ya moyo na kumwarifu mtu amelala vipi usiku. Vijana wauliza ipi iliyo bora. Wazazi wauliza kama kununua saa kama hiyo ni israfu. Na wazee wetu wenye presha na sukari wauliza swali zito kuliko yote: je, twaweza kuitegemea? Kwa kuwa jawabu la swali hili la tatu laweza kuwa tofauti baina ya uhai na mauti, hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja. Tutazipima saa hizi kwa mambo manne, nayo ni kazi zake, starehe yake mkononi, betri na usahihi. Kisha tutarejea kwa wazee wetu.

Tumechagua nne ziwe mfano, kila moja ikiwakilisha ukoo wake: Xiaomi Smart Band 7 ya mwaka 2022, Garmin Forerunner 55 ya 2021, Samsung Galaxy Watch6 na Apple Watch Series 9, zote mbili za 2023. Matoleo mengine yamefuata baada ya hizo, lakini tabia ya kila ukoo haikubadilika sana, na mwenye kuifahamu tabia hatababaishwa na jina jipya.

Kazi zake

Zote nne huhesabu hatua, hupima mapigo ya moyo na kufuatilia usingizi. Zatofautiana katika yaliyo zaidi ya hayo. Xiaomi haina GPS yake yenyewe, kwa hivyo anayekimbia akitaka kujua masafa aliyokwenda hana budi kuchukua na simu yake. Garmin ina GPS ndani yake, na imeundwa kwa ajili ya wakimbiaji hasa. Samsung na Apple ni kama simu ndogo: mtu hupokea ujumbe, hujibu simu, na huweza kupima umeme wa moyo kwa kugusa saa kwa kidole.

Jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: una simu gani? Apple Watch haishikamani ila na iPhone. Galaxy Watch6 haifanyi kazi ila na simu za Android, na baadhi ya vipimo vyake vya afya vyataka simu ya Samsung yenyewe. Ndugu zetu walioko Dubai na Maskati hupenda kuwatumia wazee wao zawadi, na zawadi ni sunna njema. Lakini Apple Watch kwa mzee mwenye simu ya Android ni kama ufunguo usiokuwa na kufuli. Tuulizane kwanza, ndipo tununue.

Starehe mkononi

Pwani yetu ina joto, jasho na hewa ya chumvi, na mkanda wa mpira uliobana hufungia vyote hivyo juu ya ngozi. Upele wa mkononi ambao wengi hulalamikia aghalabu hutokana na jasho na sabuni iliyobaki chini ya saa. Dawa yake ni kuivua, kuiosha kwa maji matamu, kuikausha, na kuipumzisha ngozi. Aliyeingia nayo baharini naye aisuuze vivyo hivyo. Nyingi katika saa hizi zimeandikwa uwezo wa kustahimili maji wa mita 50. Maana yake si kwamba mtu azame nayo mita hamsini. Hicho ni kipimo cha mgandamizo wa maji yaliyotulia, na kwa mwenye kuogelea juu juu chatosha.

Uzito nao una hesabu yake. Xiaomi ina gramu 13.5 bila mkanda, na mwenye kuivaa huisahau. Garmin ina gramu 37. Anayetaka kufuatilia usingizi wake achague nyepesi, kwa maana saa inayomkera mtu usiku huishia juu ya meza.

Garmin hii haina kioo cha kugusa. Huendeshwa kwa vitufe vitano, na kioo chake husomeka vizuri chini ya jua kali. Kwa anayekimbia ufuoni asubuhi, vidole vikiwa vimelowa jasho, hilo ni jambo kubwa kuliko mng'aro wa rangi.

Betri

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kama mbingu na ardhi. Kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, Xiaomi hukaa siku 14 kwa matumizi ya kawaida. Garmin hukaa hadi majuma mawili, au saa 20 GPS ikiwa inafanya kazi mfululizo. Samsung hukaa saa 40, nazo hupungua hadi 30 kioo kikiachwa kiwake muda wote. Apple hukaa saa 18. Hesabu hizi ni za saa mpya. Betri huchoka kwa umri, na joto huiharakisha. Usiiache saa ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Sababu ya tofauti hiyo ni kioo chenye mwanga mkali, GPS, na programu zinazokimbia bila kupumzika. Kadiri saa inavyofanana na simu, ndivyo inavyokula chaji kama simu. Kwa hivyo mwenye Apple Watch lazima ajipangie wakati wa kuichaji kila siku, na akitaka ipime usingizi wake, wakati huo hauwezi kuwa usiku. Nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara, saa ya majuma mawili itawafaa zaidi.

Usahihi

Chini ya saa mna taa ndogo ya kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga damu huongezeka kwenye mishipa na mwanga unaorudi hupungua. Saa husoma kupanda na kushuka huko na kuyageuza kuwa hesabu ya mapigo. Kwa hivyo ikilegea, au mkono ukitikisika mno, hesabu huharibika. Ivaliwe juu kidogo ya kifundo, ikibana kiasi wakati wa mazoezi, kisha ilegezwe.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima saa saba za wakati ule kwa watu 60. Sita katika hizo saba zilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilofika asilimia 5. Lakini katika kuhesabu kalori zilizochomwa, ile iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokuwa mbaya zaidi kwa asilimia 93. Somo ni wazi. Mapigo ya moyo tuyachukue, ila kalori tusizifanye ruhusa ya kuongeza mahamri.

Hatua nazo huhesabiwa kwa mtikisiko wa mkono. Hamali asukumaye mkokoteni, mikono yake imetulia, huenda akapunjwa hatua zake. Na mama akunaye nazi amekaa kitako juu ya mbuzi huenda akaongezewa hatua ambazo hakuzitembea. GPS vilevile yahitaji mbingu iliyo wazi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa au vya Lamu, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na ramani huonyesha mtu amepita ndani ya nyumba za watu.

Kila mmoja aweza kuipima saa yake bila gharama. Tembea hatua 200 ukihesabu mwenyewe, kisha linganisha. Shika mshipa wa mkono kwa dakika nzima ukiwa umetulia, hesabu mapigo, kisha tazama kioo. Muuzaji akikataa usifanye hivyo dukani, amekwisha kukujibu.

Ama ile hatua 10,000 ambayo saa nyingi huiweka kuwa lengo, asili yake si hospitali. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likiwa na maana ya mita ya hatua elfu kumi. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba baada ya hatua kama 7,500 tofauti haikuongezeka tena. Bibi anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu asivunjwe moyo na saa.

Sukari na presha

Sasa twarejea kwa wazee wetu, na twaomba sehemu hii isomwe kwa sauti nyumbani. Zinauzwa saa za bei nafuu zinazodai kupima sukari ya damu bila kudunga ngozi. Mwezi Februari 2024, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, FDA, iliwaonya watu wasizitumie saa wala pete za namna hiyo, ikaeleza kuwa haijaidhinisha hata moja. Saa ya namna hiyo huonyesha nambari kwenye kioo, na nambari hiyo si ya kutegemewa. Mgonjwa akijidunga insulini kwa kuifuata aweza kushukiwa na sukari akapoteza fahamu. Na aweza kufa. Kitu hicho ni tofauti na kile kihisi kinachobandikwa mkononi na sindano yake nyembamba kuingia chini ya ngozi, kisha kikapeleka habari kwenye simu au saa. Hapo mpimaji ni kihisi, na saa ni tarishi tu.

Hatari hii huzidi mwezi wa Ramadhani. Wako wanaoona kudunga kidole mchana kutafunguza saumu, wakaikimbilia saa. Tone la damu la kupimia sukari halifunguzi saumu. Mwenye kisukari ambaye daktari amemruhusu kufunga apime kwa mashine yake bila wasiwasi. Muongozo wa madaktari ni kuwa sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, kwa kipimo cha mashine zetu, basi afungue papo hapo, hata kama yamebaki machache kuadhiniwa Magharibi. Dini haikumkalifisha mtu ajiangamize. Siku hiyo hulipwa.

Kuhusu presha, Galaxy Watch6 ina kipimo chake, lakini mtengenezaji mwenyewe asema isawazishwe kwa mashine ya kubana mkono kila baada ya siku 28. Yaani saa yahitaji mashine ili iwe saa. Mwenye presha na pesa za kitu kimoja tu, anunue mashine. Na kipimo cha umeme wa moyo katika Apple Watch hutafuta aina moja ya mapigo yasiyokwenda sawa. Hakitambui mshtuko wa moyo, na watengenezaji wamelisema hilo waziwazi. Kifua kikibana, twende hospitali, tusiisubiri saa itoe hukumu.

Katika ibada

Maji ya udhu ni lazima yafike chini ya saa. Iliyobana ivuliwe au isogezwe. Kabla ya kusimama katika Sala, izimwe mitikisiko na mwanga wa kioo, kwani saa huwaka mtu anapoinua mkono kwa takbira, ikamshughulisha yeye na jirani yake.

Wenye programu za nyakati za Sala waangalie mipangilio yake. Sisi wa mwambao ni Mashafi. Programu ikiwekwa kwa hesabu ya Kihanafi, Alasiri itachelewa. Alfajiri nayo hutofautiana kwa kipimo cha jua chini ya upeo, wengine wakitumia digrii 18 na wengine 15. Ratiba ya msikiti wenu ndiyo mizani.

Tena kuna sitara. Mwaka 2018 ilibainika kuwa ramani ya programu ya Strava, iliyokusanya njia za wakimbiaji wa dunia nzima, ilikuwa imefichua hata kambi za kijeshi. Ikiwa kambi zilifichuka, nyumba ya binti yako haishindikani. Fungeni ramani zenu kwa wageni, na mficheni mwanzo na mwisho wa njia.

Ipi basi inunuliwe?

Anayeanza kutembea kwa afya yake, Xiaomi au mfano wake yamtosha. Mkimbiaji, Garmin. Anayetaka ujumbe na simu mkononi, na ana uwezo bila kukopa, achague Samsung au Apple kwa kufuata simu aliyonayo. Atakayeinunua ili aonekane, huyo ndiye tuliyemkhofia israfu, hata ikiwa ya bei ndogo. Na mgonjwa wa sukari, mashine yake ya kudunga kidole na vijiti vyake vitangulie mbele ya saa yoyote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saa ni daftari la mwili, na mwili ni amana tuliyokabidhiwa. Daftari lenye nambari za uongo humdhuru mwenye mali kuliko kukosa daftari kabisa. Twamuomba Allah atujaalie afya, na atupe akili ya kuitunza.

Wabillahi tawfiq.