Lenzi Iliyokula Nyumba Yetu

Wiki iliyopita kijana wa jirani alinigongea mlango akiwa amekumbatia boksi jipya. Ndani mlikuwa na kamera ya mirolesi, ile aina isiyo na kioo cha kupinduka tumboni mwake. Bodi tupu, bila lenzi. Ameinunua kwa zamu ya mama yake kwenye kikoba na akiba yake ya miezi minane.

"Shikamoo kaka. Hela ya lenzi moja ninayo. Wote wananiambia 85 ndiyo mpango mzima. Au nivumilie, nikope, nichukue ile 70 kwa 200?"

Nilimwambia asinunue hata moja kati ya hizo. Alinitazama kama nimemshauri aitupe kamera chooni. Sikuweza kumweleza vizuri pale mlangoni, kwa hiyo namweleza hapa, na najua nitawaudhi wapiga picha wenzangu ambao tumekula pilau za harusi pamoja kwa miaka mingi. Waniwie radhi. Tumekuwa tukiwapotosha vijana.

Ninachosema ni hiki: lenzi ya kwanza ya mtu anayeanza iwe moja, isiyovuta, na iwe pana kiasi cha kuingiza chumba ndani ya picha. Kama kamera ina sensa kubwa, ile yenye ukubwa wa filamu ya zamani, anunue milimita 35. Kama ni sensa ndogo, anunue 23 au 24. Akae nayo mwaka mzima. Na yeyote anayemwambia aanze na 85 kwa sababu "inakata nyuma vizuri" hajafikiria ni kitu gani kinachokatwa.

Mimi nilikifikiria nikiwa nimechelewa.

Mwaka 2016 dada yangu aliolewa. Kwetu palikuwa Kimara, nyumba iliyotazama barabara ya Morogoro, na mimi nilikuwa na mirolesi yangu ya kwanza na 85 yenye tundu la f/1.8 ambayo nilikuwa bado namalizia deni lake. Asubuhi ya nikaha nilimketisha Baba chini ya mkungu, kwenye kiti chake cha plastiki, amevaa kanzu. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa buluu alioupaka rangi kwa mkono wake, na pembeni ya mlango, ukutani, ile X nyekundu. Kila aliyeishi kando ya barabara ile alijua maana ya X. Nilifungua tundu lote, nikalenga jicho, nikabonyeza. Nilipoitazama kwenye kioo nilijipongeza. Macho ya Baba yanakata kama wembe, na nyuma yake rangi laini tupu, kama jalada la jarida.

Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara. Yetu ilikuwa mojawapo. Miaka miwili baadaye Baba alifariki. Kwenye arobaini yake wajukuu waliuliza nyumba ya babu ilikuwaje, nami kwa kiburi cha fundi nikafungua kompyuta. Nilikuwa na picha zaidi ya 300 za siku ile. Nilipitisha moja baada ya nyingine. Baba, na nyuma yake ukungu. Dada, na nyuma yake ukungu. Mama na shoga zake, na nyuma yao ukungu. Mlango wa buluu umekuwa doa la buluu. Mkungu umekuwa mapovu ya kijani. Ile X, alama iliyotunyima usingizi miezi mingapi, inaonekana kama ua jekundu lililopandwa makusudi ili picha ipendeze.

Mtoto wa dada yangu akauliza, "Mjomba, hapa ni studio?"

Aliyetuokoa ni Shangazi. Alikuwa na simu ya bei poa yenye kioo kilichopasuka, na siku ile ya nikaha alisimama nyuma yangu akapiga picha moja bila kulenga chochote. Imo kwenye kundi la familia mpaka leo, imebanwa na WhatsApp mpaka imechakaa. Lakini ndani yake Baba yupo, kiti kipo, mlango upo na kufuli lake, ndoo ya maji ipo, X ipo na ukisogeza macho unaisoma. Mimi nipo pia, mgongo tu, nimeinama na lenzi yangu ya mkopo. Simu nyingi zina lenzi inayoona kama milimita 24 hadi 28 za sensa kubwa. Haikuwa bahati ya Shangazi wala ufundi. Alikuwa na lenzi sahihi na mimi nilikuwa na lenzi ghali.

Tuangalie hesabu, maana wanaotetea 85 hupenda hesabu. Kwenye sensa kubwa, ukimpiga mtu aliye mita 2 mbele yako kwa 85 ukiwa umefungua f/1.8, kina kinachoonekana vizuri ni kama sentimita 6 tu. Pua na sikio haviwezi kuwa vikali pamoja. Sasa chukua 35, funga tundu hadi f/8, lenga mtu aliye mita 3: kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7 kinasomeka. Baba angesomeka, na mlango, na ukuta. Nyumba yetu ilihitaji mita hizo chache tu.

Watasema ningeweza kufunga tundu la 85 pia. Kweli, ningeweza. Lakini hakuna anayenunua 85 ili aifunge. Unauziwa ukungu, na ukishaulipia unataka uonekane. Na hata ukiifunga, pembe yake nyembamba inabaki vilevile. Ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho chumba ambamo wengi wetu tulizaliwa na kulelewa, utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge kabati na bado utapata kichwa na mabega tu. Mama na jiko lake hawaingii pamoja. Fundi cherehani na cherehani yake hawaingii pamoja.

Nimesikia hoja tatu dhidi yangu, na ziko za kweli ndani yake.

Ya kwanza ni kwamba lenzi pana inaharibu sura, pua inakuwa kubwa. Sura haiharibiwi na lenzi, inaharibiwa na umbali. Ukimsogelea mtu mpaka sentimita 50 pua yake itakuwa kubwa kwa lenzi yoyote ile, kwa sababu kutoka hapo pua iko karibu nawe sana kuliko masikio. Simama mita moja na nusu au mbili, mweke mtu katikati ya chumba chake, asiwe pembezoni mwa fremu, na 35 haitamtukana. Itakuonyesha mtu na mahali alipo.

Ya pili ni kwamba kuna kazi ambazo huwezi kusogea. Hii naikubali yote. Anayepiga simba Serengeti, anayepiga mpira akiwa amekaa nyuma ya bango la goli, anayeambiwa asivuke mstari wakati wa ibada, huyo anahitaji lenzi ndefu na asinisikilize. Na anayelipwa kupiga harusi kila Jumamosi atahitaji lenzi ya kuvuta, kwa kuwa bibi harusi hatarudia kuingia ukumbini. Lakini kijana wa jirani hana mteja hata mmoja. Kumwambia akope akamilishe "utatu mtakatifu", yaani 16 kwa 35, 24 kwa 70 na 70 kwa 200, zote za f/2.8, ni kumpeleka kwenye deni kabla hajajua anapenda kutazama nini. Nyingi za 70 kwa 200 za f/2.8 zina uzito wa kilo moja na zaidi, na ikiwa mpya bei inazidi ya bodaboda mpya. Bodaboda angalau ingempa hesabu ya siku.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo inayoniuma. Wanasema, "Kaka, nyuma kwetu kuna uchafu." Kuna kamba ya nguo. Kuna bati lenye kutu, sufuria nyeusi, kalenda ya mwaka juzi, waya wa umeme uliounganishwa kienyeji. Mteja hataki vionekane, na mpiga picha anajivunia kuvifuta.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Nani alitufundisha kwamba nyumba ya mama ni uchafu wa kufutwa? Tumejifunza kutoka kwa video za watu wanaokaa kwenye miji yao na kupima lenzi kwa kumpiga mrembo mbele ya taa za mtaa. Wao wakifuta nyuma, hawapotezi kitu. Mtaa ule umepigwa picha mara milioni, na utakuwepo kesho. Sisi mtaa wetu haujapigwa picha na mtu yeyote, na kesho haupo. Kwa anayeishi kwenye nyumba yenye X, ukungu si urembo. Ni katapila la kwanza.

Waliotutangulia walilijua hili. Seydou Keïta wa Bamako alipiga wateja wake mbele ya vitambaa alivyovitundika uani, na cha kwanza kilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Alikuwa akibadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili mitatu, na baadaye, picha zilipokuwa zimejaa masanduku bila tarehe, vitambaa hivyo ndivyo vilivyomsaidia kujua ipi ni ya lini. Nyuma ya mtu ndiyo iliyokuwa kalenda. Kwetu Pwani, wapiga picha wa Likoni, penye kivuko cha Mombasa, walichora meli na ndege kwenye mapazia ya vibanda vyao ili msafiri atume nyumbani picha yenye habari. Hata pale walipotunga cha nyuma, walitaka kisomeke. Hawakulipa fedha ili pazia lipotee.

Na usiku je? Ukumbini, kwenye umeme wa jenereta, kwenye ngozi zetu zinazohitaji mwanga wa kutosha ili zisigeuke kivuli? Tundu kubwa linasaidia, sibishi. Lenzi ya f/1.8 inaingiza karibu mara kumi ya mwanga wa lenzi ya f/5.6. Lakini kuna 35 nyingi za f/1.8 na f/2, nyepesi, zisizofika hata nusu kilo. Utapata mwanga ule ule, na kwa kuwa lenzi ni pana, ukisimama umbali ule ule ukungu wake ni mdogo zaidi na mahali hapapotei.

Kwa asiye na fedha ya lenzi mpya, mirolesi ina neema ambayo wauzaji hawaitangazi. Kamera za zamani zilihitaji nafasi ya kile kioo kupinduka, hivyo lenzi zao zilikaa mbali na filamu au sensa: milimita 44 kwa Canon EF, 46.5 kwa Nikon F. Mirolesi imekiondoa kioo, na umbali umeshuka hadi 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony E, 16 kwa Nikon Z. Pengo lililobaki linatosha kuweka adapta, kipande cha chuma tu, na lenzi ya miaka ya 1970 ikakaa kwenye kamera ya juzi. Utalenga kwa mkono, lakini skrini inakuza picha na kuipaka rangi mistari iliyo wazi, kwa hiyo ni suala la mazoezi. Milimita 28 ya zamani kwenye sensa ndogo huona kama 42. Itafute kwa mafundi wa mitumba. Kabla ya kutoa hela, imulike kwa tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili, maana joto na unyevu wa Dar huotesha kuvu ndani ya lenzi, na utaiona kama utando wa buibui. Ukiuona, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Lakini zaidi ya bei na namba, kuna kitu lenzi ya aina hii itamlazimisha kijana kufanya, nacho ndicho nilichokikwepa mimi. Atalazimika kusogea. Ukiwa na 85 unaweza kumpiga mtu bila kumsalimia. Ukiwa na 35 lazima uingie, uvue viatu, useme hodi, ukae, ukubali chai. Mtu anakuona unavyomwona, na anayo nafasi ya kukukatalia.

Sijui kijana atanunua nini. Jana nilimwazima 35 yangu ya zamani na kumpa jaribio moja, ambalo nalitoa kwa yeyote mwenye boksi jipya mkononi. Ingia chumba anachokaa mama yako muda mwingi. Simama mlangoni. Mtazame kupitia kamera. Kama unamwona yeye, na kitu alichokishika, na ukuta ulio nyuma yake, na unaweza kusoma kilichoandikwa kwenye ukuta huo, lipa hela uende nayo. Kama unaona uso mzuri tu unaoelea kwenye maziwa, irudishe dukani.