Kabla Hujabadilisha Difu ya Pikapu, Piga Hesabu Kwanza

Wasee, kama kuna fundi anakuambia ubadilishe difu ya pikapu ndio inywe mafuta kidogo, soma hii kwanza.

Anko wangu hubeba nyanya na kabeji kutoka Naivasha hadi Nairobi, anapanda Mai Mahiu karibu kila siku. Mwaka jana fundi alimshawishi atoe difu ya 4.1 aweke ya 3.58. "Injini itazunguka polepole, utaokoa mafuta." Mimi ni yule kijana aliyeacha chuo, kwa hivyo hakuna aliyeniuliza. Lakini hii ni hesabu ya shule ya msingi tu.

Namba ya difu ni meno. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, hiyo ni 4.1: propela inazunguka mara 4.1 ndio tairi lizunguke mara moja. 43 kwa 12 ni 3.58. Ovadraivu nayo ni ile gia ya juu ambapo propela inazunguka haraka kuliko injini. Tuseme yako ni 0.85. Zidisha gia kwa difu, unapata injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa tairi.

Sasa chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.1, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Difu ya 4.1, gia ya nne ya 1.0: injini iko mizunguko 2,600 hivi kwa dakika. Ingiza ya tano: 2,200. Weka difu ya 3.58, ya tano inashuka hadi 1,930. Kwa karatasi, fundi ako sawa. Kwa barabara tambarare, gari likiwa tupu, bado ako sawa.

Shida inaanza mlimani. Gia unaichagua, lakini difu haikuachi. Ovadraivu ikilemewa unarudi ya nne na safari inaendelea. Lakini ile difu mpya imekata nguvu inayofika kwa tairi karibu asilimia 13, kwenye kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya kurudi nyuma. Pale anko alikuwa anapanda na ya tatu, sasa ni ya pili na injini inalia. Akisimama mlimani na mzigo, kuondoka ni kuchezea klachi. Ya tano imebaki pambo.

Klachi iliungua ndani ya miezi mitatu. Pesa aliyookoa kwa mafuta yote iliishia hapo, na mzigo mmoja wa nyanya ukaharibika juu ya gari. Tena kipima mwendo chake kinasoma kutoka kwa giaboksi, kwa hivyo kikisema 80, yeye ako 91. Polisi hawatasikiliza hiyo hadithi ya meno.

Maoni yangu ni haya: kama wewe hubeba mzigo na kupanda milima, baki na difu kubwa, halafu acha ovadraivu ikuokolee mafuta kwa tambarare. Hiyo ndio kazi yake. Kama gari lako hutembea tupu kwa haiwei, sawa, shusha namba. Ikiwa ni foro wili, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo utavunja kitu.

Anko alirudisha ya 4.1. Sahii kabla aguse kitu kwa hiyo gari, hunipigia simu kwanza.