Matamvua ya Nguo za Ngoma

Wasomaji wetu wa Meru na Embu wawajua wapiga ngoma wa Chuka, ambao zamani walijipamba kwa ngozi za mbega. Tangu Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya ngozi za wanyama wa porini mwaka 1978, pambo hilo halina budi kushonwa: kitambaa cheusi chenye matamvua marefu ya sufu nyeupe au nyuzi za mkonge.

Cherehani yafaa kwa pindo. Lakini penye mkonge mnene sindano yake huvunjika, na mshono ukikatika ngomani huzidi kuachia kila mchezaji arukapo. (Gundi hatuitaji, jasho laijua.) Heri kushona kwa mkono. Twaa uzi maradufu, uupake nta ya nyuki, ambayo wafuga nyuki wa Mbeere wanayo. Kila mshono rudisha sindano nyuma kidogo, na kila inchi moja piga fundo. Shanga na kauri nazo zifungwe mojamoja, ili ikianguka moja nyingine zisimwagike.

Kazi hii hula siku nyingi, basi kikundi kisingoje juma la mashindano.