Dola 20 za Ivan Martin

Kila inapotajwa The Harder They Come, filamu aliyoitengeneza Perry Henzell huko Jamaika na kuitoa mwaka 1972, hakosekani mtu wa kusema kwamba inamtukuza jambazi. Madai mengine hufuata: imeiga kauboi, kilichobaki ni nyimbo zake tu, bila Bob Marley isingekumbukwa. Nayapinga yote hayo. Liko dai jingine moja tu ambalo nitalikubali, nalo nitalifikia.

Nianze na hilo la kumtukuza jambazi, maana ndilo linalorudiwa zaidi. Anayelisema anamkumbuka Ivan akiwa na bastola mbili mikononi, lakini amesahau yaliyotangulia. Ivan, anayeigizwa na Jimmy Cliff, anaingia Kingston kutoka shamba baada ya bibi yake kufariki, na vitu vyake vinaibwa na msukuma mkokoteni kabla hajafika kwa mama yake. Anahangaika kutafuta kazi. Anafufua baiskeli iliyokuwa imetupwa, mtu anamwambia si yake, wanapigana, Ivan anatoa kisu, na mahakama inaamuru achapwe viboko. Kisha anafika studio. Anaimba wimbo mmoja, na wote waliomo wanajua kwamba kimepatikana kitu. Prodyuza Hilton anamwekea karatasi: dola 20, weka saini. Ivan anakataa. Anaubeba wimbo wake mwenyewe redioni na kwa wapiga santuri wa kumbi za dansi, na kote anaambiwa kitu kimoja: kama haukutoka kwa Hilton, hatuupigi. Anarudi, anasaini, anapokea dola zake 20. Na Hilton, akimwona kijana ni mkaidi, anautoa wimbo bila kuusukuma.

Huo ndio uhalifu ambao filamu hii inauchunguza, na umefanyika mchana, kwa kalamu. Msanii yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewahi kuuza wimbo kwa malipo ya mara moja ataitambua karatasi ile. Biashara ya bangi anayoiingia Ivan baadaye inaendeshwa vivyo hivyo: walio chini wanabeba mzigo na hatari, walio juu wanakusanya, na mpelelezi wa polisi anaamua nani afanye biashara na nani asifanye. Kosa la Ivan linaanza pale anapouliza pesa zote zinakwenda wapi. Anapokuwa ameshaua polisi na picha yake iko gazetini, wimbo unavuma Kingston nzima. Hilton anauza. Mwenye sauti yuko mafichoni na hana haki ya hata senti moja. Starehe yake kubwa katika filamu yote ni dakika chache za kuendesha gari la wizi kwenye nyasi za uwanja wa gofu. Ukitaka kuwavuta vijana kwenye ujambazi, hutawaonyesha mapato ya namna hiyo.

Wapo wanaojibu kwamba Ivan alikuwa mtu wa kweli, kwa hiyo Henzell amempamba muuaji. Ni kweli alikuwepo Vincent Martin, maarufu kwa jina la Rhygin, aliyewasumbua polisi wa Kingston hadi wakamuua Lime Cay mwaka 1948. Lakini yule hakuwa mwanamuziki. Studio, mkataba na wimbo vimeongezwa na Henzell na mwandishi mwenzake, Trevor Rhone, na nyongeza hiyo ndiyo iliyobeba filamu. Wangetaka sifa za bunduki tu, kisa cha Rhygin kilikuwa kinatosha kama kilivyo.

La kauboi halinichukui muda. Django, filamu ya kauboi ya Mwitaliano Sergio Corbucci, imo ndani ya filamu waziwazi: Ivan anaitazama katika sinema ya Rialto, naye rafiki yake José anamhakikishia kwamba mtu mkuu hawezi kufa kabla ya mkanda kuisha. Aliyekulia kwenye mabanda ya video ya kwetu anaijua imani hiyo: stelingi hafi. Ivan anaiamini kwa moyo wote. Anakwenda kupigwa picha na bastola zake na kuzipeleka picha hizo gazetini, na mwisho, pale ufukweni, anajitokeza mbele ya askari wenye bunduki akiwataka wamtoe mmoja wao apambane naye. Henzell anakata, anatuonyesha nyuso za watazamaji wa Rialto wakicheka, kisha anaturudisha kwenye risasi.

Kuhusu Marley, tarehe zinatosha. Mwimbaji wa Jamaika Desmond Dekker alishika namba moja Uingereza kwa wimbo wa Israelites mwaka 1969. Filamu ilionyeshwa Kingston mwaka 1972. Catch a Fire, albamu ya Marley na kundi lake la Wailers, ilitoka mwaka 1973. Nampenda Marley, lakini aliukuta mlango umeshafunguliwa.

Na wanaosema ibaki albamu ya nyimbo zake, filamu iende? Albamu ni hazina, sibishi: Cliff, Maytals, Melodians, Slickers. Lakini nyimbo kadhaa kati ya hizo zilikuwepo kabla. 007 ya Dekker ni ya mwaka 1967. Filamu ndiyo iliyozipa uso. Watazame Maytals wakirekodi Sweet and Dandy, na Ivan akiwakodolea macho kwa njaa ya mtu anayeona mahali pake. Siku ya kwanza pale sinema ya Carib, Kingston, umati ulifurika na kuingia kwa nguvu. Miaka kumi baada ya uhuru, Wajamaika walikuwa wanajiona kwenye skrini wakisema lugha yao ya mtaani bila kuisafisha. Marekani ilibidi maandishi ya Kiingereza yawekwe chini ya picha. Na huko pia haikufa: sinema ya Orson Welles mjini Cambridge, Massachusetts, iliionyesha usiku wa manane kwa miaka.

Dai ninalolikubali linamhusu Elsa, msichana anayemwacha mchungaji aliyemlea ili amfuate Ivan. Wanaolalamika kwamba filamu haimsikilizi wanasema kweli. Polisi wanapofunga biashara ya bangi ili njaa iwalazimishe watu kumtoa Ivan, Elsa ndiye anayebaki na mtoto mgonjwa mikononi, mtoto wa Pedro, mshirika wa Ivan. Anakwenda kwa mchungaji na kumtoa Ivan. Uamuzi mzito kuliko yote katika kisa hiki ni wake, na kamera inamwachia muda mfupi mno, ikikimbilia ufukweni kwa mwanamume.