Haki Isigeuzwe Sadaka



Wapendwa wanaparokia, kila mara mgodi unapokabidhi madawati au zahanati katika vijiji vyetu vya Geita na Kahama, ngoma hupigwa, risala husomwa, na viongozi wetu hushukuru kwa "msaada". Neno hilo linatukera. Mtu hutoa msaada kutoka katika mali yake mwenyewe, na dhahabu iliyo chini ya ardhi hii ni mali ya taifa. Mwenye mgodi ana leseni tu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kumpisha mwekezaji. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ikaweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Mgodi wa Geita ukaanza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Kwa miaka mingi Halmashauri ya Geita ikawa inapewa dola 200,000 kwa mwaka, bei ya dhahabu ipande isipande. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, pamoja na CCT na BAKWATA, lilitoa taarifa iliyoonyesha wazi jinsi nchi isivyonufaika na dhahabu yake. Mwaka 2017 mrabaha ulipandishwa hadi asilimia 6, na mgodi ukalazimishwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wake wa kuihudumia jamii. Hatulibezi hilo hata kidogo.

Lakini mpango wa mgodi si mpango wa maendeleo ya wananchi. Mgodi una siku yake ya kuondoka. Buzwagi, pale Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na shughuli zake zikakoma mwaka 2021: miaka 12 tu, umri wa mtoto wa darasa la sita!

Mwaka huohuo wa 2009 ulizinduliwa pia mradi wa maji ya Ziwa Viktoria, kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Serikali iliujenga kwa fedha zake yenyewe, ingawa wapo waliotutishia kwa mkataba wa Nile wa mwaka 1929, uliotiwa saini na mkoloni. (Babu zetu hawakuulizwa.) Buzwagi umekwisha, bomba lingali linaleta maji. Mama aliyekuwa akichota maji lamboni pamoja na ng'ombe hakuhitaji kumshukuru mwekezaji yeyote, kwa kuwa ilikuwa kodi yake na pamba yake.

Basi kwa nini barabara ya mkulima wa pamba, umeme wa mwenye karasha, josho la mfugaji na chuo cha ufundi cha vijana wetu vingoje hisani ya kampuni? Mrabaha unakwenda Hazina, ushuru wa huduma unakwenda halmashauri. Kijiji kinachomeza vumbi la mgodi kinabaki kuomba makombo, kama Lazaro mlangoni kwa tajiri. Tunasema sehemu ya fedha hizo itengwe kwa sheria kwa ajili ya vijiji hivyo, iingizwe katika bajeti, isitegemee wema wa diwani wala meneja.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Wapendwa, tuhudhurie, waumini na wasio waumini, tuombe tusomewe hesabu: halmashauri imepokea kiasi gani kutoka mgodini mwaka huu, na kijijini kwetu zimefika shilingi ngapi? Na anayejibu aandikwe jina lake katika muhtasari.