Asilimia Hazijumlishwi

Kwa: Wanachama wote mliotumikia majeshi ya Marekani
Kutoka: Katibu wa chama
Yah: Hesabu ya ulemavu na fidia ya kila mwezi



Kikao kilichopita mwenzetu alisimama na barua yake ya uamuzi mkononi, akatusomea. Kiwewe cha vita, asilimia 50. Kipandauso, 30. Mgongo, 20. Mlio wa masikioni, 10. Akajumlisha mbele yetu: 110. Kisha akasoma mstari wa chini, ambapo Idara ya Maveterani imeandika 80. "Huu ni wizi mtupu," akasema, na nusu ya ukumbi ikamwitikia. Mimi nilinyamaza kwa sababu hesabu sikuwa nayo kichwani, na katibu hapaswi kubishana kwa kubahatisha. Tangu siku ile nimeifanya kwa kalamu. Mwenzetu hakuibiwa. Tena alipata bahati kidogo.

Idara haijumlishi asilimia. Kanuni yake, kifungu cha 4.25, inakuchukulia kuwa mtu mzima wa 100, kisha kila ugonjwa unakata sehemu ya kile kilichobaki. Chukulia sinia la pilau. Anayetangulia kula ni ugonjwa mkubwa, na wa pili anakuta sinia limeshaliwa, kwa hiyo fungu lake linapimwa kwenye mabaki. Mwenzetu alianza na kiwewe, 50, zikabaki 50. Kipandauso kikachukua asilimia 30 ya hizo 50, yaani 15, zikabaki 35. Mgongo ukachukua asilimia 20 ya 35, yaani 7, zikabaki 28. Masikio yakachukua asilimia 10 ya 28, yaani 2.8. Kilicholiwa chote ni 74.8, kinachoandikwa 75. Mwisho kabisa, mara moja tu, namba hiyo inasogezwa kwenye kumi lililo karibu, na inayoishia na 5 hupanda. Ndiyo 80 yake. Ingeishia 74 angeshushwa hadi 70, na kwa viwango vya mwaka 2025, vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024, kwa mtu asiye na wategemezi, angepokea dola 1,759.19 kwa mwezi badala ya 2,044.89.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie nami, maana jambo hili wengi hawalijui na linawagharimu. Namba kubwa iliyo kwenye barua yako imeshasogezwa. Nyuma yake kuna namba nyingine, ile halisi, na hiyo ndiyo inayoamua kama inafaa kuomba zaidi. Wawili wanaweza kukaa meza moja, wote wameandikiwa 90. Mmoja namba yake halisi ni 94: akithibitishiwa ugonjwa mmoja mdogo wa asilimia 10, anafika 95 na analipwa 100. Wa pili namba yake ni 85: yeye, ili afike hapo kwa ugonjwa mmoja, anahitaji wa asilimia 70. Akipata wa 60 anaishia 94 na barua inabaki vilevile. Kwa viwango hivyohivyo vya 2025, malipo yalitoka dola 2,297.96 kwa 90 hadi 3,831.30 kwa 100, yaani tofauti ya zaidi ya dola 1,500 kila mwezi, bila kodi. Halafu mtu anahangaika miaka miwili akidai kidole cha mguu bila kujua amesimama wapi! Ifanye hesabu yako kwanza.

Wenye magoti, nisikilizeni. Ulemavu ukiwa kwenye miguu yote miwili, au mikono yote miwili, kifungu cha 4.26 kinaongeza kitu. Goti la kulia 20 na la kushoto 10 yanaungana kuwa 28. Asilimia 10 ya hiyo 28 ni 2.8, nayo inajumlishwa moja kwa moja, ndiyo jumlisho pekee utakaloliona katika kazi hii yote. Yanakuwa 30.8, yaani 31. Ukiwa pia na ugonjwa wa asilimia 50, unaishia 66, ambayo ni 70. Bila nyongeza ile ungeishia 64, yaani 60, na kwa viwango vya 2025 ungekosa dola 363 kwa mwezi. Kwa hiyo ukisoma barua yenye magoti mawili, tafuta kama nyongeza hiyo imewekwa. Anayesahau ni binadamu kama wewe.

Msidhani lakini kwamba wingi wa majina ya magonjwa ndio utajiri. Dalili moja hailipwi mara mbili. Kiwewe na sonona hupimwa pamoja, na mlio wa masikioni ni 10 tu hata ukilia pande zote mbili.

Sasa la chumba cha daktari, ambalo linaniuma kuliko hesabu. Baadhi yetu tuliingia jeshini kwa ajili ya Kiswahili chenyewe, ile miaka walipokuwa wakitafuta wenye lugha. Kiswahili hichohicho kinatuponza siku ya uchunguzi. Tumelelewa kujibu "sijambo" hata jeneza likiwa sebuleni. Daktari anauliza hali, mtu mzima anajibu kwa Kiingereza kwamba yuko salama, kumbe hajalala siku tatu na mkewe amehamia chumba cha watoto. Daktari anaandika alichosikia. Salamu ni salamu, ikishapita sema siku zako mbaya zilivyo: unashindwa kuinua nini, unaamka mara ngapi, ulikosa kazi siku ngapi. Mwenza wako anaweza kuandika taarifa ya anayoyaona nyumbani, na askari mwenzako ya aliyoyaona kazini. Wala sisemi muongeze chumvi. Uongo hapa ni kosa la jinai, na chama hakitamtetea mtu aliyejiongezea ugonjwa.

Kuna watu wanaotupigia simu wakiahidi kutupandishia asilimia kwa malipo. Mmoja wetu ameshawapa fedha za miezi kadhaa kwa fomu ambazo angejaziwa bure. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, si kabla. Vyama vya maveterani kama Disabled American Veterans, American Legion na VFW vina maofisa wa kazi hii, nao hawachukui senti.

Mliopita Camp Lemonnier kule Djibouti baada ya tarehe 11 Septemba 2001, au Somalia tangu tarehe 2 Agosti 1990, sheria ya PACT iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022 inawahusu. Pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, sinasi sugu na saratani kadhaa huchukuliwa kuwa zimetokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka, bila wewe kuthibitisha siku wala saa uliyouvuta. Kama bado unakusanya karatasi, peleka leo fomu 21-0966 ya kutangaza nia. Inakupa mwaka mzima wa kukamilisha dai, na dai likikubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ya nia.

Kuanzia asilimia 30, mwenza, watoto, na wazazi unaowalisha huongeza malipo. Hapa tunajinyima wenyewe: mtu ameoa, ana watoto watatu, na rekodi yake bado inamwita kapera. Usipitishe mwaka tangu uamuzi, ndoa au kuzaliwa kwa mtoto kabla ya kuwaandikisha. Na ambaye maradhi yamemzuia kabisa kushika kazi ya kumlisha anaweza kulipwa kwa kiwango cha 100 hata kama hesabu haifiki, iwapo ana ugonjwa mmoja wa 60, au jumla ya 70 yenye angalau mmoja wa 40.

Usiporidhika na uamuzi, unaweza kuupinga kwa kuleta ushahidi mpya, au, ndani ya mwaka mmoja, kwa kuomba mkaguzi wa juu au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Ila kabla ya kulalamika mbele ya watu, kokotoa.

Kikao kijacho kila mmoja aje na barua yake ya uamuzi, ule ukurasa wenye asilimia mojamoja, na kalamu. Tutaanza na ya huyu mwenzetu wa 110, kwa sababu namba yake halisi ni 75, na amenidokeza kwamba magoti yake yote mawili hajawahi kuyadai.

Wenu,
Katibu