Mti Sugu: Sifa au Onyo?

Kila msimu wa mvua unapokaribia, husikika wito wa kupanda miti "inayostahimili ukame" katika viwanja vya shule, ofisi na vyuo vya maeneo kame. Wito wenyewe ni mwema. Ila kishazi hicho kimegeuzwa kuwa hoja kamili, kana kwamba mti ukishasifiwa kwa kuvumilia kiu hauna tena la kuulizwa.

Tuutazame mathenge. Mti huu wenye asili ya Marekani ya Kati na Kusini ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili utoe kuni na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ukastawi, kisha ukakataa kukaa ulipopandwa. Mifugo walikula maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu kwa samadi. Vichaka vya miiba vikameza malisho ya Wailchamus. Sukari ya maganda hayo iliozesha meno ya mbuzi, na mwaka wa 2006 wakazi walipoishtaki serikali, mbuzi kibogoyo alifikishwa mahakamani awe ushahidi. (Ni mtunzi gani wa tamthilia angethubutu kumbuni shahidi wa aina hiyo?) Mnamo 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Wala si Kenya pekee. Elmu wa Siberia, uliopandwa Marekani katika miaka ya 1930 kukinga mashamba dhidi ya upepo na vumbi, leo umo katika orodha ya magugu ya jimbo la New Mexico.

Sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kushtuka mapema. Neno "sugu" lina nyuso mbili: twasifu mbegu sugu, twalalamikia ugonjwa sugu.

Ilhali migunga, mikwaju na mikunazi tunayo. Ukambani kuna mukau, ambao mbao zake hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa. Kikwazo ni kwamba mbegu yake imo ndani ya kokwa gumu, nayo haioti bila kupasuliwa kwa uangalifu. Kwa hiyo wenye vitalu hukimbilia miche rahisi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu imeushughulikia mti huu kwa miaka mingi huko Kitui. Basi mkandarasi anayepewa zabuni ya kupamba viwanja vya chuo atakiwe kwanza kubandika orodha ya miti yake, kwa majina ambayo mfugaji wa jirani anayafahamu, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.